Nani Analipia Stima ya Karakana?

Kwenye karatasi ya karo ya chuo chochote kati ya Kitale na Bungoma kuna mstari ambao mzazi huulipa bila kuuelewa. Chuo kimoja huuita gharama za uendeshaji, kingine ada ya huduma, kingine huuyeyusha ndani ya ada ya masomo usionekane kabisa. Mama aliyeuza vitunguu soko la Chwele, au mzee wa Endebess aliyesubiri bei ya mahindi ipande hadi ikashuka, huenda benki, hulipa jumla iliyoandikwa chini ya karatasi na kurudi nyumbani na stakabadhi. Haulizi. Anaamini kwamba aliyeuandika mstari ule alikaa akafikiri kabla ya kuuandika.

Nasaha yangu leo ni kwako wewe uliyeuandika. Ndugu yangu mhasibu, uwe wa chuo cha kanisa, cha serikali au cha wahisani, chuo chako hakikuanzishwa kumtajirisha mtu. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Kwa sababu hiyo wengi katika kazi yako hudhani kwamba namna ya kugawa gharama ni jambo la ofisini tu: maadamu hakuna anayekula faida, iko wapi dhuluma? Dhuluma ipo, na mahali pake pa kujificha ni hapohapo. Pasipo na faida, mgawanyo wa gharama ndio unaoamua nani anambeba nani, na anayebebeshwa mara nyingi hana habari.

Tuchukue chuo cha kubuni. Kina wanafunzi 500: 300 wa biashara, 120 wa uchomeleaji na umeme, 80 wa kilimo. Bili ya stima kwa mwaka ni shilingi milioni 3. Mhasibu mwenye haraka hugawa kwa vichwa, kila mwanafunzi akabeba shilingi 6,000. Hesabu imefungwa, mkaguzi ameridhika. Sasa weka mita kwenye kila jengo usome. Karakana ya uchomeleaji imekula milioni 2, shamba na pampu yake laki 4, madarasa ya biashara laki 6. Gharama halisi ya mwanafunzi wa karakana ni karibu shilingi 16,700, ya wa kilimo 5,000, na ya wa biashara 2,000. Yule binti wa biashara, ambaye mamake anauza vitunguu Chwele, amelipa shilingi 4,000 kila mwaka kwa ajili ya moto wa kuchomelea vyuma ambao hajawahi kuuona. Kwa wanafunzi 300 wa biashara hizo ni shilingi milioni 1.2 kwa mwaka.

Je, ni vibaya? Hapa nakuomba usiwe mwepesi wa kujibu. Mafundi wa kuchomelea wanahitajika sana Trans Nzoia, kwenye matrekta, mageti na mitambo ya kukoboa mahindi. Bodi ya chuo inaweza kukaa na kusema: sisi tunataka mafundi hawa, na kozi yao ikilipiwa kwa bei yake kamili watoto wa maskini hawataiweza, basi wa biashara na wasaidie. Huo ni uamuzi wa heshima. Jamii zetu zimebebana tangu zamani, na vyuo vyenyewe vilijengwa hivyo. Mapema miaka ya 1970 watu wa magharibi mwa Kenya walichangia kwa harambee kuanzisha Chuo cha WECO kule Kakamega, Masinde Muliro akiwa miongoni mwa viongozi waliouhimiza mchango ule, na leo ni chuo kikuu chenye jina lake. Lakini aliyechanga WECO alijua anachanga. Binti wa biashara hajui. Kubebana ni wema. Kumbebesha mtu mzigo usiku akiwa amelala ni kitu kingine.

Sasa nikuambie kwa nini nasisitiza dhamiri na si kanuni pekee. Gharama za moja kwa moja hazina ugomvi: chuma cha karakana ni cha karakana, mbegu ni za kilimo, mshahara wa mwalimu wa uchomeleaji unajulikana uendako. Ugomvi uko kwenye gharama za pamoja, yaani mlinzi wa geti, mkuu wa chuo, ofisi yako mwenyewe, maktaba, maji, intaneti. Unaweza kuzigawa kwa idadi ya wanafunzi, kwa mita za mraba, kwa saa za masomo, au kwa uwiano wa mishahara ya idara. Katika miaka ya 1980 wasomi wa Marekani, Robert Kaplan na Robin Cooper, walieneza njia ya kufuatilia shughuli zenyewe: barua ngapi zilishughulikiwa, usajili ulifanywa mara ngapi, kisha gharama ikaifuata shughuli. Kila njia kati ya hizi ina hoja yake, na hakuna hata moja inayotoa ukweli mmoja usiopingika. Mlinzi wa geti anamlinda nani zaidi, fundi au mwanabiashara?

Kwa kuwa jibu halipo mbinguni wala kwenye vitabu, mwenye kalamu ana hiari, na hiari hiyo ndiyo mtihani wako. Ukitaka kozi fulani ionekane inakula hasara ili ifungwe, utapata kigezo cha kuionyesha hivyo. Ukitaka idara ya rafiki yako ionekane inajitegemea, kigezo kipo. Na hutakuwa umeandika uongo hata mstari mmoja. Nasaha yangu ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: chagua kigezo kabla hujajua kitamwumiza nani. Kiandike kwa lugha ambayo mwalimu wa kilimo ataielewa. Kipeleke kwenye bodi kabla mwaka wa fedha haujaanza, na mwakani, kikianza kuuma mahali usipopenda, kiache kiume. Ukilazimika kukibadilisha, sababu itangulie matokeo, na kumbukumbu za kikao zionyeshe hivyo.

Kitale na Bungoma zimeona jinsi hesabu inavyoweza kusema uongo pasipo mtu kudanganya. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, na vyuo vikuu vingine vikafuata. Baada ya miaka michache matawi yalijaa kila mji, Kitale na Bungoma zikiwemo, mengine kwenye ghorofa juu ya maduka. Kwenye vitabu kila tawi lilionekana kama mgodi: kodi ya jengo, malipo ya walimu wa muda, karatasi na kalamu, na karo ikimiminika. Msajili, mitihani, maktaba, wahadhiri wakuu waliotunga kozi, wote hao gharama zao zilibaki makao makuu, zikilipwa kwa fedha zilizokuwa za wanafunzi wengine. Ndipo udanganyifu katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ulipodhibitiwa. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 165,766 mwaka 2015, wakashuka hadi 88,929 mwaka 2016, na 70,073 mwaka uliofuata. Karibu wote wakapata nafasi za serikali, na wa kujilipia wakaisha. Kodi ya jengo haikuisha. Matawi mengi yakafungwa, na vyuo vikabaki na wafanyakazi na madeni yaliyojengwa juu ya faida ambayo haikuwahi kuwepo.

Kwangu mimi, lililouma zaidi ni la mwanafunzi wa tawi lile. Alilipa karo iliyokuwa na sehemu ya maktaba, na maktaba ilikuwa mji mwingine kabisa. Alilipia maabara ambayo basi la kumpeleka halikuwepo. Mhasibu aliyegawa gharama ya maktaba kwa vichwa alimtendea haki kwa hesabu na kumdhulumu kwa maisha. Kabla hujamwandikia mtu gharama, uliza kama anaweza kuifikia kwa miguu yake ile huduma unayomtoza.

Serikali nayo imejaribu kupanga bei ya mwanafunzi, na historia yake inafundisha. Katika vyuo vikuu vya umma mwanafunzi wa serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka kwa miongo kadhaa, daktari na mwalimu sawasawa. Baadaye, katikati ya muongo uliopita, ukaja mpango wa gharama kulingana na kozi, udaktari bei yake na sanaa bei yake, serikali ikikusudia kubeba asilimia 80. Haikufikia lengo hilo, na ilipofika mwaka wa fedha wa 2022/2023 ilikuwa ikilipa karibu nusu tu. Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya wa kuwapanga wanafunzi kulingana na uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Vyuo vya ufundi vilienda njia nyingine: kwa miaka kadhaa karo ilikuwa 56,420 kwa mwaka, serikali 30,000 na mwanafunzi 26,420, kozi yoyote anayosoma. Kwa bei moja kama hiyo, mkuu wa chuo anayetaka kujaza hazina atapanua biashara na kompyuta na kuacha karakana ife, kwa sababu karakana inakula chuma na stima. Hakuna anayetamka hivyo kwenye mahafali. Ukitaka kujua, angalia kozi zinazoongezwa.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote. Ziko gharama ambazo chuo huzipunguza kwa kutozilipa. Mwalimu wa muda amefundisha muhula mzima Bungoma, amesahihisha karatasi, ameingiza alama, na malipo yake ni ya "fedha zikija". Makato ya pensheni yamekatwa kwenye hati za mishahara na hayajafika yanakopaswa kufika. Mkopo wa SACCO umekatwa, na SACCO inamwandikia mwalimu barua kama kwamba yeye ndiye mdaiwa mkaidi. Halafu mwisho wa mwaka mkuu wa chuo anasimama kusema chuo chake kinamsomesha mwanafunzi kwa gharama nafuu. Unafuu huo umetoka mfukoni mwa mwalimu. Wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma mwaka 2025 kuhusu makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, mgomo ulimalizika Novemba kwa serikali kukubali kulipa shilingi bilioni 7.9 kwa awamu mbili. Fedha hizo zilikuwa gharama ya kusomesha tangu siku makubaliano yalipotiwa saini. Vitabu vilivyoziacha nje vilikuwa vinawakopa wafanyakazi bila riba na bila idhini.

Kwa hiyo, ndugu mhasibu, andika gharama siku kazi inapofanyika. Usisubiri siku ya kulipa. Viwango vya uhasibu wa umma vinavyotumika katika vyuo vya serikali vinataka hivyohivyo, lakini hata kama unafanya kazi chuo kidogo cha parokia ambacho hakuna anayekifuatilia, mwalimu yule ni mtu, na deni lake lina haki ya kuonekana kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jasho nalo huisha vivyo hivyo.

Kuna gharama nyingine ambazo hazilipwi na bado ni halali, nazo uziandike. Mtawa anayefundisha bila mshahara, daktari mstaafu anayejitolea, mashine iliyoletwa na mfadhili. Mashine ya msaada haikununuliwa, lakini inachakaa kama zilizonunuliwa. Usipotenga uchakavu wake kila mwaka, siku itakapokufa utawaambia wanafunzi wa mwaka huo walipie mashine nzima ambayo wenzao wa miaka kumi waliitumia bure. Vivyo hivyo mtawa akihamishwa au akistaafu, mshahara wa mrithi wake huangukia darasa moja lisilo na hatia.

Vyuo vya kilimo vina ugumu wake, na vinastahili huruma. Karibu na Kitale kipo kituo cha Manor House, kilichofunguliwa mwaka 1984 kufundisha wakulima wadogo kilimo kisichotegemea kemikali. Katika chuo cha aina hiyo shamba ndilo darasa. Mahindi yanayovunwa ni somo, ni chakula cha jikoni, na pengine ni mapato. Mbolea ya samadi utaiandika wapi? Ushauri wangu ni kwamba gunia linapoingia jikoni liandikwe kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, kama vile limenunuliwa. Usipofanya hivyo, shamba litaonekana mzigo, jiko litaonekana rahisi, na kuna siku mjumbe wa bodi asiyejua shamba atapendekeza lifungwe. Na vijana waliolima wakiwa masomoni, kazi yao ikipita kiwango cha mafunzo ikawa ya kuuza, walipwe au karo yao ipunguzwe. Kumwita mtu mwanafunzi hakumfanyi kibarua wa bure.

Kuhusu wafadhili nitasema na pande zote mbili. Mwaka 1990 na 1991 Chuo Kikuu cha Stanford kule California kiliingia katika fedheha. Serikali ya Marekani, inapotoa fedha za utafiti, huongeza sehemu ya gharama za pamoja za chuo. Paul Biddle, mwakilishi wa ofisi ya utafiti ya jeshi la majini, alianza kuhoji kilichomo ndani ya kapu hilo, na ikaonekana lina uchakavu wa mashua ya kifahari na samani na maua ya nyumba ya rais wa chuo. Rais huyo, Donald Kennedy, alitangaza kujiuzulu mwaka 1991. Mwaka 1994 shauri likamalizwa kwa chuo kulipa dola milioni 1.2, serikali ikisema haikuwa na madai ya udanganyifu. Lifikirie hilo. Hakupatikana mwizi. Kapu la gharama za pamoja lilikuwa limeachwa likawa refu mno hata walioliweka hawakujua tena kilichomo chini.

Mfadhili naye anapaswa kuambiwa. Anayetoa fedha za mradi wa afya au wa kilimo na kukataa kulipia mlinzi, stima na mhasibu, anamfundisha mhasibu uongo. Kwa miaka kumi kanuni za Marekani ziliruhusu nyongeza ya asilimia 10 tu kwa gharama za pamoja za taasisi zisizo na kiwango kilichokubaliwa, na tangu Oktoba 2024 ni asilimia 15. Chuo kinachotumia zaidi ya hapo hukosa pa kuandika ukweli. Ndipo dereva wa mkuu anapoandikwa dereva wa mradi. Ndipo mwalimu mmoja anapojaza karatasi za muda zinazoonyesha asilimia 60 ya kazi yake ni ya mfadhili wa kwanza, 40 ya wa pili, na huku chuo kinamlipa mshahara kamili kwa kufundisha. Jumla ya mtu huyo ni asilimia 200, na Mungu alimpa siku yenye saa 24. Ufadhili wa Marekani ulipokatwa mwaka 2025, miradi mingi hapa magharibi ilisimama kwa ghafla. Nina hakika kwamba kila palipokuwa na karatasi za muda za namna hii, mkato ule ulifunua mengi. Usisaini karatasi hizo. Mwandikie mfadhili umweleze gharama kamili, na akikataa kuilipa, peleka kwa bodi uamuzi wa kuukubali mradi kwa hasara au kuukataa. Ni heri kukosa mradi.

Wanaoendesha vyuo vya makanisa nawaelekeza kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliamuru sadaka itumike kukarabati hekalu, na mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani walikuwa hawajakarabati lolote. Hasemwi hata mmoja kuwa aliiba. Huenda fedha zilichanganyika tu na mahitaji mengine. Suluhisho likawa sanduku lenye tundu, na fedha kuhesabiwa na watu wawili pamoja, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Askofu anayeweka akaunti ya ada za wanafunzi na ya ujenzi wa kanisa pamoja kwa sababu zote ni za Mungu, aisome sura hiyo taratibu.

Na wewe mzazi, na wewe mjumbe wa bodi uliyeteuliwa kwa heshima ya jina lako kijijini, mhasibu mwema hawezi kuwa mwema peke yake. Mkuu akimwambia abadilishe kigezo ili kozi fulani ionekane nafuu, atakukimbilia nani? Kabla wanafunzi wapya hawajaingia Septemba, ombeni karatasi moja tu, ukurasa mmoja, inayoonyesha kila gharama ya pamoja imegawanywa kwa kigezo gani, nani anambeba nani na kwa shilingi ngapi, na walimu wa muda wanadai kiasi gani. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na karatasi ya karo. Chuo kisichoweza kuitoa karatasi hiyo hakijui gharama zake, na hakina haki ya kukupandishia karo.